Siku Mwalimu Mjapani Alipotembezwa na Babu wa Makina

Mwaka 1986 nyumba ya Karen Blixen ilifunguliwa kuwa makumbusho. Filamu ya Out of Africa ilikuwa imepigwa hapa Kenya mwaka mmoja kabla, na ghafla kila mgeni aliyeshuka Nairobi alitaka kupelekwa Karen aone baraza la yule Mdenmaki aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi alipofilisika na kurudi kwao 1931. Sisi vijana wa Mashimoni, Kibera, tulikuwa tukipanda hadi Barabara ya Ngong kuuza karanga na mahindi ya kuchoma, na tuliyaona magari ya watalii yakipita moja baada ya jingine bila kupunguza mwendo.

Nyumba hiyo ilijengwa 1912. Naanza na mwaka huo kwa sababu ni mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilipotenga ekari 4,197 za Kibera kuwa ardhi ya jeshi, mahali pa kuishi askari wa Kisudani wa King's African Rifles na jamaa zao, ambao walikuwa wameanza kuwekwa huko tangu 1904. Kwa makaratasi, basi, ile nyumba ya Karen na Kibera ni marika. Hilo sikulijua nikiwa darasa la nane. Nililisikia kwa mzee mmoja wa Makina, Mnubi, yaani mtu wa uzao wa askari hao, akimwambia mgeni kutoka Japani, na mimi nimesimama katikati yao nikiwa nimebeba chupa ya chai.

Mashimoni ya wakati ule haikuwa imebanana kama ya leo. Nyumba zilikuwa za udongo na mabati, ndiyo, na maji tuliyanunua kwa mtungi, lakini kati ya nyumba na nyumba palikuwa na vishamba vya mahindi na sukuma wiki, na ukishuka bondeni ulifika Bwawa la Nairobi, ambalo lilijengwa 1953 na lilikuwa bado na maji ya kuitwa maji. Jumapili tuliketi kwenye mteremko tukitazama Wazungu na Wahindi wakishindana kwa mashua za matanga. Leo ukimwambia mtoto wa Kibera kwamba pale palikuwa na mashua, atakuangalia kama mtu aliyekunywa kitu.

Yule mzee Mnubi tulimwita Babu, sisi sote, Wanubi na wasio Wanubi. Alikaa upande wa juu wa reli, Makina, katika nyumba ya Kinubi ya zamani: kuta za miti na udongo zilizopigwa lipu, korido inayokata katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma wenye mparachichi na mpera, na mbele baraza pana ambalo yeye ndiye aliyelilinda kuanzia sala ya alfajiri. Kazi yake ya uzeeni, aliyojipa mwenyewe, ilikuwa kuwatembeza watoto mjini shule zikifungwa. Hakutoza kitu. Masharti yake yalikuwa mawili: twende kwa miguu, na tusimuulize swali lolote mbele ya askari wa jiji.

Mwalimu Mjapani aliletwa na jirani yetu. Serikali ya Japani ilikuwa ikituma vijana wa kujitolea Kenya tangu 1966, wengi wao walimu wa sayansi na hesabu na mafundi, na huyu alikuwa akifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari Ukambani, pamoja na huyo jirani. Likizo ya Agosti jirani akamwalika kwake. Alipoteremka kutoka basi namba 8, watoto walimfuata kijiji kizima wakimwita Bruce Lee na kurusha mateke hewani, maana majumba ya sinema ya River Road yalikuwa yamekwisha kutufundisha kwamba kila mtu wa sura ile ni bingwa wa kung fu. Alicheka, akarusha teke moja, akateleza kwenye tope. Heshima yake ilipanda papo hapo.

Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, safi kuliko chetu. Alisema "tafadhali" na "naomba uniwie radhi" mpaka mama wa mandazi akamwongezea moja bure. Jirani alitaka kumpeleka Karen kama wageni wengine. Mwalimu akasema Karen amekwisha kwenda, amelipa, ameona. Sasa angependa kuona mitaa ya zamani ya Nairobi, ile ambayo watu wanaishi bado. Jirani alikuwa mtu wa Kakamega, hakuijua Nairobi ya zamani zaidi ya vituo vya basi. Ndipo nikatumwa kwa Babu.

Babu alimtazama mgeni kwa muda, akauliza, "Huyu Japani kweli?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na koti lake la kijeshi ambalo hatukuwa tumeliona likivaliwa isipokuwa siku za sherehe za kitaifa. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya baridi ya Agosti.

Tulifuata reli. Tulipitia Laini Saba, tukapita pembeni mwa uwanja wa gofu ambao klabu yake ilianzishwa 1906 na ambao Babu aliutemea mate kila mara, bila hasira, kama mtu anayetimiza ada. Tukavuka Barabara ya Mbagathi pamoja na mamia ya watu waliokuwa wakielekea viwandani, kila mmoja akikanyaga mataruma kwa hatua zake alizozizoea. Mwalimu alijaribu kuhesabu mataruma, akaacha.

Kituo cha kwanza kilikuwa Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971 karibu na stesheni. Babu alikuwa na ibada yake pale. Alipita injini zote kubwa bila kugeuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye behewa namba 12. Ndilo behewa alimonyakuliwa mkuu wa polisi Charles Ryall huko Kima, mwaka 1900. Wazungu watatu walikuwa wamelala humo wakimvizia simba mla watu; zamu ya Ryall ikafika, usingizi ukamchukua, simba akaingia kwa mlango, akamkanyaga mmoja aliyelala sakafuni, akamtoa Ryall kupitia dirishani. Tulikipenda kisa hicho sisi watoto kwa sababu ya lile dirisha, lilivyo dogo. Mwalimu aliinama akalipima kwa mikono.

Babu akamwachia muda wa kushangaa, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Simba moja, mzungu moja, gari nawekwa makumbusho. Sasa onyesha mimi gari ya Wahindi."

Hakukuwa na gari la Wahindi. Watu karibu 32,000 waliletwa kutoka India kuja kujenga reli ile, na takriban 2,500 kati yao walifia kazini, kwa maradhi zaidi kuliko kwa simba. Hesabu hizo nilikuja kuzisoma baadaye. Babu hakuwa nazo, alikuwa na swali tu, na alimuuliza mlinzi wa zamu kila alipokwenda. Mlinzi alikwisha kumzoea. Alijibu, "Mzee, nitauliza ofisini," na Babu akaridhika hadi likizo nyingine.

Mjini kwenyewe nitapita haraka, maana sisi tulikwenda haraka. Jumba la mikutano la KICC Babu hakulijali. Lilifunguliwa 1973, kwake hilo lilikuwa jambo la juzi. Bustani ya Jeevanjee tuliketi kidogo, chini ya sanamu ya Malkia Victoria iliyowekwa humo 1906, tajiri Jeevanjee alipoutoa uwanja ule kwa watu wa mji, na tukanywa chai. Katika makutano karibu na hoteli ya Stanley, Babu alisimama mbele ya mahali patupu, akamwonyesha Mwalimu hewa. "Hapa alikaa Delamere," alisema. Sanamu ya yule mlowezi iliondolewa uhuru ulipokuja, na barabara iliyobeba jina lake ikapewa jina la Kenyatta. Watu walitupita wakitutazama sisi tunaotazama hewa. Mwalimu alitoa daftari akaandika. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiandika kitu siku ile, na nikajiuliza anaandika nini, kwa kuwa hapakuwa na kitu.

Halafu tukafika kwenye sanamu za askari, hukohuko Kenyatta Avenue. Ni watu watatu wa shaba waliowekwa 1928 kwa ajili ya Waafrika na Waarabu waliokufa katika Vita vya Kwanza. Wawili wana silaha. Wa tatu hana, ni mpagazi. Babu alimshika huyo mguu. "Huyu hapana bunduki," alisema, "lakini vita yote nakaa kichwani yake." Baba yake Babu alikuwa askari katika vita ile ya kule Tanganyika dhidi ya Wajerumani, na alimwambia mwanawe kwamba risasi haikuua watu kama njaa na kuhara vilivyowaua wapagazi. Walikufa kwa makumi ya maelfu.

Kwenye jiwe kuna maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayoahidi kwamba waliokufa watakumbukwa na watoto wao. Mwalimu aliyasoma ya Kiswahili kwa sauti, taratibu, kwa matamshi yake mazuri. Babu akasubiri amalize. Akauliza majina yako wapi. Mwalimu akazunguka jiwe lote. Hakuna jina hata moja. Ilibidi ifike Aprili 2021 ndipo tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ikiri hadharani kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakupewa heshima waliyopewa Wazungu, na ikaomba radhi. Babu alikuwa amekufa kitambo.

Ndipo Mwalimu akauliza, kwa adabu, kama mzee naye alikuwa mwanajeshi, kwa vile ameliona lile koti.

"Burma," alisema Babu.

Nilimwona Mwalimu akinyooka kama mwanafunzi aliyeitwa jina darasani. Sikuelewa. Historia tuliyofundishwa ilikuwa na Hitler, haikuwa na Burma. Akauliza, "Mzee ulipigana na Wajapani?"

"Mimi napigana na mvua," alisema Babu. "Wajapani nakuta tu."

Nitaeleza kwa Kiswahili changu, maana cha Babu kilikuwa na njia zake za mkato. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa mpakani mwa India na Burma, baada ya Wajapani kushindwa Imphal na Kohima. Kazi yao ilikuwa kuwafukuza kwa kushuka bonde la Kabaw, katikati ya masika, majira ambayo majeshi mengine yalikuwa hayaendi vitani. Magari yalizama. Nyumbu walizama. Waliishi kwa vyakula vilivyoangushwa na ndege, na ndege zenyewe siku nyingine hazikuliona bonde kwa mawingu. Ruba waliingia hadi ndani ya viatu vilivyofungwa. Desemba ya mwaka huo walivuka mto Chindwin, na wahandisi wakaweka pale Kalewa daraja la chuma ambalo kwa wakati ule lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake.

Lakini Babu hakumsimulia Mwalimu habari za daraja. Alimsimulia Tamu, mji mdogo mwanzoni mwa lile bonde. Walipoufikia waliwakuta Wajapani wamekufa majumbani, kwenye mahema, chini ya malori, na wengi hawakuwa na jeraha. Njaa na homa. Wengine walikuwa wamekaa, migongo ukutani. "Sisi naambiwa Japani ni shetani," alisema. "Mimi naona mtoto. Nyembamba namna hii." Akaonyesha kidole.

Alisema pia habari ya meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini ikielekea Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Mmoja wao alikuwa amekua naye Makina. Alilisema hili bila kumtazama Mwalimu, akiwa anamtazama yule mpagazi wa shaba.

Mtu wa kubuni angemfanya Mwalimu aseme kwamba babu yake alifia bonde lilelile. Hakusema hivyo. Alisema babu yake hakwenda vitani, alikuwa na macho mabovu, alibaki Tokyo akichonga geta, vile viatu vya mbao. Babu alifurahi mno kusikia hivyo. "Macho mbaya ni dawa ya vita," alisema, na njia nzima ya kwenda Kariokor alikuwa akirudia kwa kila tuliyekutana naye anayemfahamu: huyu babu yake alikuwa na macho mbaya, Mungu mkubwa.

Kariokor nako ni kumbukumbu ya wapagazi, ukipenda. Ilikuwa kambi ya Carrier Corps wakati wa Vita vya Kwanza, na jina likabaki midomoni mwa watu baada ya kambi kwisha. Sokoni Mwalimu alinunua kiondo kwa bei ya mtalii kwa sababu Babu alikataa kumsaidia kupatana. Alisema mgeni lazima alipe kitu kidogo cha ujinga, hata yeye alilipa Calcutta wakati wa vita.

Tukaingia Pumwani, Majengo. Hapo ndipo safari ilibadilika. Mjini Mwalimu alikuwa ameangalia kwa heshima. Majengo aliangalia kwa tamaa. Alisimama kila kona. Pumwani ilianzishwa baada tu ya Vita vya Kwanza, halmashauri ilipotaka Waafrika wote wa mji wakae mahali pamoja panapoonekana. Vijiji vya kabla yake vilibomolewa kimoja kimoja, na cha mwisho, Pangani, kikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wenye nyumba walijijengea wenyewe, kwa mtindo wa Pwani: korido katikati, vyumba kila upande, baraza mbele, ua nyuma. Wamama wa Majengo, wengi wao wenye nyumba kwa haki yao, walikuwa wamekaa barazani na leso zao wakichambua mchele. Mmoja alimjua Babu tangu ujana, na jinsi alivyomwita "wewe Sudi" na Babu akainamisha kichwa, nilihisi kuna hadithi ambayo haikuwa ya watoto. Alituletea chai ya tangawizi na mahamri. Mwalimu akaomba ruhusa kuchora korido. Akaambiwa achore, ila asichore watu, na asichore choo.

Alichora haraka, bila rula. Nilishangaa jinsi alivyoacha mambo niliyodhani ni makubwa, kama vile mabati yaliyooza, akachora mahali ambapo jiwe la kizingiti limelika kwa miguu.

Tulirudi kwa basi, Mwalimu akilipa nauli zetu. Jioni ile barazani kwa Babu, bibi wa nyumba akatuletea kisra, ule mkate mwembamba wa Kinubi, na mchuzi, vimefunikwa kwa tabaga, kawa la Kinubi, na Mwalimu akaanza kueleza kwao. Alizaliwa Yanaka, mtaa wa Tokyo wenye mahekalu na makaburi mengi na vichochoro visivyoingia gari. Tetemeko kubwa la 1923 liliuacha umesimama karibu wote. Mabomu ya Wamarekani ya 1945, yaliyoteketeza sehemu kubwa ya Tokyo, hayakuugusa sana. Kwa hiyo watu wa Tokyo wakitaka kuona mji wao ulivyokuwa, wanakwenda kutembea Yanaka Jumapili, wanunue vitumbua vya kwao, waangalie nyumba za mbao, wasikie huzuni kidogo, warudi nyumbani kwenye magorofa. Miaka miwili kabla ya safari yetu, 1984, wanawake kadhaa wa mitaa ile walikuwa wameanzisha jarida dogo la kuandika kila kitu: nani alikuwa na duka gani, kisima kipi kilifukiwa lini.

Babu aliuliza kuna jengo gani kubwa huko. Mwalimu akasema palikuwa na pagoda, mnara wa mbao wa orofa tano, ndani ya eneo la makaburi. Ulinusurika tetemeko, ukanusurika vita, halafu ukateketezwa 1957 na wapenzi wawili walioamua kufa humo pamoja. Yamebaki mawe ya msingi tu. Wenyeji bado wanawapeleka wageni kuyaona.

"Nakwenda kuona mahali hapana kitu?"

"Ndiyo, Mzee. Kama Delamere leo."

Babu alicheka hadi akakohoa. Kisha akamwambia habari ya 1912 na zile ekari 4,197, akizitaja moja moja kama mtu anayehesabu ng'ombe walioibwa: hapa Jamhuri walipojenga uwanja wa maonyesho, pale Otiende, pale Ngumo, huku Lang'ata. Askari walipewa mahali pa kukaa, hawakupewa hati. Tume ya Carter ya miaka ya 1930 iliwahesabu kuwa wapangaji wa Taji la Uingereza, wa kuondolewa Taji likitaka. Alisema nyumba ya kule Karen ina mlinzi na bango na tikiti, na umri wake ni sawa na wa kambi yao. "Mimi pia nataka tikiti," alisema. Hatukujua kama anatania.

Kesho yake Mwalimu alirudi na utepe wa kupimia akaichora nyumba ya Babu yote, chumba kwa chumba, siku nzima, mimi nikimshikia ncha ya utepe. Alichora hata mparachichi na umbali wake kutoka msala. Miezi kadhaa baadaye nakala ilifika kwa posta, kwenye sanduku la barua la msikiti, imechorwa upya kwa wino kwenye karatasi nzito, na maelezo pembeni kwa Kijapani na Kiswahili. Babu aliitundika ukutani upande wa kibla, akaambiwa aitoe, akaihamishia koridoni.

Yaliyofuata wengi wanayajua. Babu alifariki katika miaka ya 1990. Familia iliongezeka, ua ukajengwa vyumba vya kupangisha, mpera ukakatwa, kisha nyumba yenyewe ikagawanywa, na siku moja nilipopita nikakuta ukuta wa mabati mapya na duka la kuchaji simu. Bwawa lilijaa matope na magugu maji. Wakenya walipouana kwa ajili ya kura Januari 2008, reli ile tuliyoifuata iling'olewa Kibera kwa mikono, kipande baada ya kipande. Mwaka 2015 kichwa cha Malkia Victoria kikavunjwa pale Jeevanjee. Tarehe 2 Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ardhi yao ya Kibera: ekari 288. Nilikuwapo siku hiyo. Mjukuu mmoja wa Babu alikuwa na bahasha yenye cheti cha jeshi cha mzee, picha moja ya Calcutta, na ule mchoro uliokunjwa mara nne. Hakuna aliyeuulizia, lakini aliubeba.

Julai ya mwaka uliofuata matingatinga yaliingia kupasua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu walibaki bila makao, na Mashimoni ikapoteza nyumba na shule. Mimi nilihamia Kawangware, ambako bado niko.

Watalii nao, ajabu, walikuja. Baada ya filamu ya The Constant Gardener ya 2005, na baada ya Obama kututembelea 2006 akiwa seneta, Kibera ikawa kituo katika ratiba za wageni wa Nairobi. Vijana wetu wanawatembeza kwa malipo, na mimi silioni hilo kuwa baya. Ni kazi, na bora wao kuliko wakala wa mjini asiyejua kichochoro. Kinachoniudhi ni njia wanayopita. Wanawapeleka kwenye reli, wageni wanapiga picha ya mabati yanayoteremka hadi bondeni, wanapelekwa kwa wachonga mifupa, wanapewa soda, wanarudishwa hotelini. Ukiwasikiliza, Kibera haina mwaka. Haikuanza, ipo tu.

Mwezi uliopita nilimkuta mmoja wao steji ya Makina, kijana mwerevu, nikamweleza kwamba hatua chache kutoka pale bado zimesimama nyumba kadhaa za Kinubi zenye korido na baraza, na kwamba kabla ya reli angeweza kuanzia huko, aeleze 1904 na 1912 na Burma. Nikamwonyesha pia ilipokuwa ya Babu. Akaliangalia duka la simu. Akasema, "Lakini mzee, wageni wataona nini hapa?" Nikamweleza habari za Delamere na ile pagoda, kwa kirefu zaidi kuliko alivyotaka. Akaniuliza kama ningeweza kuja kuyasema hayo mwenyewe, na ni pesa ngapi.

Tulikubaliana nauli ya kutoka Kawangware na chai. Kikundi cha kwanza kilikuwa wanafunzi wa usanifu majengo, watu kumi hivi. Walisikiliza vizuri, waliuliza maswali ya maana kuhusu kuta, na mama mmoja wa Makina aliwaruhusu kuingia hadi uani kwa sharti la kutochora choo. Tulipomaliza, wote waliomba kupelekwa relini wakapige picha.